Mshumaa, Mipira na Jedwali: Historia ya Zana za Kufundishia Kemia

Mwaka 1805 mvulana wa miaka 14, mtoto wa mhunzi, aliingia uanagenzi katika duka la kujalidi vitabu jijini London. Jina lake Michael Faraday. Shuleni alikuwa amepata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Lakini kazi ya kujalidi ilimpitishia mikononi vitabu vya kila namna, naye akawa anavisoma kabla havijarudi kwa wenyewe. Kimoja kilikuwa kitabu cha kemia kisichotaja mwandishi, kilichoandikwa kwa njia ya mazungumzo kati ya mwalimu wa kike, Bibi B., na wanafunzi wake wawili, Emily na Caroline. Faraday hakuishia kusoma. Kwa peni chache alizoweza kubana kila wiki alinunua vitu vidogovidogo, akayajaribu yale aliyoyasoma, na akaona kwa macho yake kwamba kitabu kimesema kweli.

Tumezoea kusimulia historia ya kemia kwa kuwataja wagunduzi: nani aligundua gesi ipi, na mwaka gani. Leo nataka tuingie kwa mlango wa darasani. Tufuate kitabu, mshumaa, mipira ya rangi na jedwali la ukutani, tuone vilitoka wapi na vilitufikiaje. Njiani tutakuta jambo ambalo mwalimu wa sekondari anayehangaika na andalio la somo la kesho anastahili kulijua: zaidi ya mara moja, mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kuwaelewesha wanafunzi wake ndiye aliyeisukuma mbele kemia yenyewe.

Majina kwanza

Kabla Faraday hajazaliwa, mzigo wa kwanza wa mwanafunzi wa kemia ulikuwa majina. Asidi ya salfuriki iliitwa mafuta ya vitrioli, na wala si mafuta. Oksidi ya zinki iliitwa maua ya zinki. Jina halikumwambia mtu lolote kuhusu kilichomo ndani ya kitu. Lilikuwa la kukaririwa tu. Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa mfumo mpya ambamo jina la kampaundi linataja vitu vilivyoiunda.

Miaka miwili baadaye, 1789, Antoine Lavoisier alichapisha kitabu cha kuwafundisha wanaoanza. Kwenye dibaji alieleza kwamba nia yake ilikuwa kufafanua suala la majina tu. Lakini kila aliponyoosha lugha, sayansi nayo ilijipanga upya, hadi akajikuta ameandika kitabu kizima. Humo aliorodhesha vitu sahili 33, ambavyo leo tungeviita elementi. Orodha ilikuwa na makosa, kwa maana mwanga na joto vilihesabiwa humo. Hata hivyo, mwanafunzi alipata kwa mara ya kwanza mahali pa kuanzia. Lavoisier mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa. Kitabu kikabaki.

Mwanamke aliyetaka kuelewa

Mwandishi wa kitabu alichokisoma Faraday alikuwa Jane Marcet, mke wa daktari, mzaliwa wa London. Alikuwa akihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy katika Royal Institution, taasisi ambayo mihadhara yake ilikuwa wazi kwa wanawake wakati vyuo vikuu vya Uingereza vimewafungia milango. Alitoka ukumbini na picha nzuri za moto na rangi, lakini hoja zilikuwa zimemponyoka. Mambo yalimfungukia aliporudi kuzungumza na rafiki, akauliza, akajibiwa, na kuyarudia majaribio polepole. Akajiambia kwamba kama mazungumzo yamemfaa yeye, yatawafaa na wengine.

Kitabu chake, chenye tarehe ya 1806, ni mazungumzo hayo yaliyowekwa kwenye karatasi. Caroline ana pupa, anataka kuona mlipuko. Emily ni mtulivu, anataka kujua sababu. Wanakosea, wanasahihishwa, wanauliza tena. Msomaji anayeona haya kuuliza darasani hukuta swali lake limeshaulizwa. Jina la Marcet halikuwekwa kwenye kitabu hadi mwaka 1832. Huko Marekani kilienea mashuleni kikiwa na majina ya wahariri wanaume kwenye jalada, kana kwamba mama mwenye kazi hakuwepo.

Faraday hakumsahau. Alipata nafasi ya kumsikiliza Davy mwaka 1812, akaandika kila alichosikia, akayajalidi maandishi hayo kwa mikono yake na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kama msaidizi wa maabara katika Royal Institution. Kijana huyohuyo ndiye aliyekuja kugundua benzini mwaka 1825, na mwaka 1831 akaonyesha jinsi sumaku inavyozalisha umeme kwenye waya. Marcet alipofariki mwaka 1858, Faraday, ambaye sasa dunia nzima ilimjua, aliandika barua akikiri kwamba kitabu cha mama yule ndicho kilichomtia nanga katika kemia.

Mshumaa

Kuanzia mwaka 1825 Royal Institution iliandaa kila msimu wa Krismasi mihadhara ya vijana. Faraday aliiendesha misimu 19. Uliokumbukwa kuliko yote ni wa mshumaa, alioutoa mwaka 1848 na kuurudia majira ya Krismasi ya 1860–61. Mihadhara sita, kitu kimoja mezani.

Angalia alivyofanya. Alichukua neli ya kioo iliyopinda, akaingiza ncha yake katikati ya mwali, pale penye giza karibu na utambi. Mvuke mweupe ukapita ndani ya neli na kutokea upande wa pili, akauwasha, ukawaka. Watoto wakaona kwamba kinachoungua ni mvuke wa nta, wala si nta iliyoganda. Akaweka chombo baridi juu ya mwali, tone la maji likajitokeza. Maji kutoka kwenye moto! Kisha akakusanya hewa iliyotoka kwenye mwali na kuipitisha katika maji ya chokaa, nayo yakageuka meupe kama maziwa. Mwishoni akawafikisha kwenye miili yao: pumzi ya binadamu nayo hugeuza maji ya chokaa kuwa meupe, kwa kuwa ndani yetu kuna mwako wa polepole unaofanana na ule wa mshumaa. Mwanakemia William Crookes aliihariri mihadhara hiyo, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1861, na kimeendelea kusomwa hadi leo.

Aliyesomea kwa kibatari anaujua mwali huo vizuri. Mafuta ya taa hupanda utambi kama nta inavyopanda, na masizi yanayoganda darini ni kaboni isiyopata hewa ya kutosha kuungua. Na chokaa ndiyo kabisa, ni ya kwetu. Kwa karne nyingi pwani ya Afrika Mashariki imechoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea misikiti na nyumba za Kilwa, Lamu na Zanzibar. Tumbawe likichomwa hutoa kabonidayoksaidi na kuacha chokaa. Chokaa hiyo ikizimwa kwa maji na kupakwa ukutani, huinyonya tena gesi ileile kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Mwanafunzi anayepuliza pumzi kwa mrija ndani ya glasi ya maji ya chokaa anafanya kwa dakika moja kazi ambayo ukuta wa Kilwa uliifanya kwa miaka. Hapo kuna kipindi kizima cha kemia, na gharama yake ni mrija, glasi na chokaa kidogo.

Muhtasari wa somo uliosuluhisha ugomvi

Faraday alipokuwa akijiandaa kuurudia mshumaa wake, wanakemia wa Ulaya walikuwa hawaelewani hata juu ya maji. Wengine waliandika kwamba oksijeni ina uzito wa 8, wengine 16. Kwa hiyo kanuni ya maji ya huyu haikuwa ya yule. Katika kitabu cha mwaka 1861, Mjerumani August Kekulé aliweza kuorodhesha kanuni 19 zilizokuwa zikitumiwa na wanakemia mbalimbali kwa asidi ya siki peke yake. Hebu jiweke katika nafasi ya mwanafunzi wa wakati huo.

Mwaka 1858 Stanislao Cannizzaro, mzaliwa wa Palermo aliyekuwa akifundisha Genoa, alichapisha muhtasari wa kozi aliyowafundisha wanafunzi wake. Alieleza hatua kwa hatua jinsi anavyowaongoza kutoka wazo la Mwitaliano Avogadro, kwamba ujazo sawa wa gesi katika hali moja una idadi sawa ya molekuli, hadi kwenye uzito wa kila atomu. Hakutangaza ugunduzi wowote. Alieleza tu jinsi anavyofundisha ili wanafunzi waelewe. Septemba 1860 wanakemia zaidi ya 120 walikutana Karlsruhe, Ujerumani, kutafuta mwafaka, wakaondoka bila mwafaka. Lakini mwishoni mwa mkutano rafiki wa Cannizzaro, Angelo Pavesi, aligawa nakala za muhtasari ule. Mjerumani Lothar Meyer aliusoma na baadaye akasimulia kwamba ilikuwa kana kwamba magamba yamemwanguka machoni. Mwingine aliyehudhuria mkutano huo alikuwa Mrusi wa miaka 26, Dmitri Mendeleev.

Mendeleev alipokuwa profesa katika Chuo Kikuu cha St Petersburg mwaka 1867, alikosa kitabu cha Kirusi kinachowafaa wanafunzi wake. Akaanza kukiandika mwenyewe mwaka 1868. Juzuu ya kwanza ilipoishia kwenye familia ya klorini, alikuwa ameeleza kwa kina elementi chache tu. Zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63. Zilizobaki angezipanga vipi katika juzuu ya pili? Kwa alfabeti? Kwa rangi? Ni swali ambalo kila mwandishi wa kitabu cha kiada hukutana nalo: sura ipi ifuate ipi.

Tarehe 17 Februari 1869, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, alikuwa ajiandae kwa safari ya kukagua viwanda vya jibini. Barua iliyohusu ziara hiyo imehifadhiwa, na nyuma yake ameandika uzito wa elementi, akizilinganisha familia kwa familia. Siku hiyo alipata mpango wake: elementi zikipangwa kwa kufuata uzito wa atomu, tabia zake hujirudia kwa vipindi. Machi, mwenzake Nikolai Menshutkin aliwasilisha kazi hiyo mbele ya Jumuiya ya Kemia ya Urusi.

Jedwali lilikuwa na nafasi tupu, na Mendeleev alithubutu kutabiri kitakachozijaza. Gali ilipatikana Ufaransa mwaka 1875, skandi nchini Sweden mwaka 1879, na jemani Ujerumani mwaka 1886. Kwa hiyo ya mwisho alikuwa ametabiri uzito wa atomu wa 72 na msongamano wa 5.5; mgunduzi wake, Clemens Winkler, alipoipima alikuta uzito wa 72 na ushei, na msongamano usiofika mbali na 5.5. Basi jedwali tunaloliona limebandikwa karibu na ubao, mara nyingine limechakaa na kukunjika pembe, lilizaliwa na mwalimu aliyekuwa akitafuta mpangilio wa sura za kitabu cha wanafunzi wake.

Mipira ya rangi

Tarehe 7 Aprili 1865, katika ukumbi uleule wa mshumaa, mwanakemia August Wilhelm Hofmann alitaka kuwaonyesha wasikilizaji jinsi atomu zinavyoshikana. Alichukua mipira ya mbao ya mchezo wa kroke, akaipaka rangi na kuiunga kwa vijiti. Kaboni nyeusi kama makaa, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, nitrojeni ya buluu, klorini ya kijani. Fungua leo sanduku la modeli za molekuli katika maabara ya shule yoyote duniani: rangi ni zilezile, zaidi ya miaka 150 baadaye.

Mipira ya Hofmann ilikuwa na kasoro. Methani yake ilikuwa bapa, imelala mezani kama msalaba. Mwaka 1874 Mholanzi van 't Hoff na Mfaransa Le Bel, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba mikono minne ya kaboni inaelekea kwenye pembe nne za umbo lenye nyuso nne za pembetatu. Van 't Hoff alikata maumbo hayo kwa karatasi ngumu na kuwatumia wenzake wayashike mkononi. Kosa la zana likasahihishwa kwa zana.

Nalitaja hili kwa sababu zana rahisi nayo inaweza kudanganya. Jaribio la kufunika mshumaa kwa glasi ndani ya beseni la maji hufanywa katika shule nyingi. Maji yakipanda kiasi cha moja ya tano, wanafunzi huambiwa kwamba oksijeni yote imekwisha. Sivyo. Mshumaa huzimika oksijeni ingali imebaki, na maji hupanda hasa kwa sababu hewa iliyotanuka kwa joto imepoa na kusinyaa. Mwalimu akilijua hilo, jaribio linageuka kuwa mjadala mzuri kuliko jibu la kukariri.

Zana zinafika kwetu

Vita Kuu ya Pili ilipoacha shule nyingi za Ulaya zimebomolewa, UNESCO ilitoa mwaka 1948 kijitabu cha mwalimu wa London, J. P. Stephenson, kilichowaelekeza walimu wa sayansi katika nchi zilizoharibiwa na vita jinsi ya kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyopo. Kutokana na kijitabu hicho kilikuja mwaka 1956 kitabu kikubwa cha UNESCO cha kufundishia sayansi, kilichotafsiriwa kwa lugha nyingi na kuandikwa upya mwaka 1973. Chupa, makopo, waya na mbao vikawa mizani, vichomeo na vyombo vya kukusanyia gesi. Walimu wanaodhani kufaragua zana ni fedheha ya nchi maskini wakumbuke kwamba mwongozo wake uliandikwa kwanza kwa ajili ya Ulaya.

Kwetu, baada ya uhuru, mitaala ya sayansi iliathiriwa sana na mradi wa Nuffield wa Uingereza uliosisitiza mwanafunzi afanye mwenyewe majaribio. Tanzania ilianzisha Baraza la Mitihani mwaka 1973 na taasisi ya kukuza mitaala mwaka 1975, ambayo leo ni Taasisi ya Elimu Tanzania. Kenya, kwa ushirikiano na Japani, ilianza mwaka 1998 mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati kazini, ambapo kufaragua kulitajwa waziwazi kuwa nguzo mojawapo ya somo. Afrika Kusini, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walibuni sanduku dogo lenye sahani ya plastiki yenye vishimo, ambamo jaribio hufanywa kwa matone machache badala ya chupa nzima. UNESCO ililisambaza katika nchi nyingi.

Lakini tusijifariji kwa hila za chupa na makopo. Shule za kata zilipoongezeka Tanzania kuanzia mwaka 2004, wanafunzi wengi walimaliza kidato cha nne wakijibu maswali ya vitendo kwa kalamu na karatasi, bila kushika bureti. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na wananchi wakachangishana. Maabara ni haki ya mtoto. Faraday alisimama mbele ya mshumaa wa bei nafuu, lakini nyuma yake kulikuwa na maabara kamili na miaka ya mazoezi. Kufaragua ni ustadi wa mwalimu. Kusiwe kisingizio cha serikali wala cha mwenye shule.

Na tusisahau tulikoanzia, kwenye majina. Mwanafunzi wa Tanzania husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha kidato cha kwanza anakutana na kemia kwa Kiingereza. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi tunazo. Hata pale mtihani unapodai Kiingereza, mwalimu anayewaachia wanafunzi wabishane kwa Kiswahili kuhusu walichokiona kwenye glasi, kisha akawaongoza kukiandika kwa lugha ya mtihani, anafanya kile alichokifanya Jane Marcet: anageuza mazungumzo kuwa zana.

Ukiwatazama watu wa historia hii, kuna jambo moja wanaloshiriki. Marcet aliandika mazungumzo yake. Faraday aliandika mihadhara ya Davy, na yake ikaandikwa na wengine. Cannizzaro alichapisha muhtasari wa kozi, Mendeleev akaandika kitabu cha kiada, Stephenson akaandika kijitabu. Ndiyo maana walitufikia. Afrika Mashariki ina walimu wanaopima asidi na besi kwa maji ya choya, wanaopata gesi kwa magadi na siki, wanaounda molekuli kwa udongo wa mfinyanzi na njiti. Ustadi wao mwingi unaishia kwenye daftari la maandalizi, na daftari linaishia kabatini siku mwalimu anapohama au kustaafu.

Mwalimu wa kemia unayesoma haya, jaribio lililowafungua macho wanafunzi wako liandike. Andika ulichotumia, ulichokifanya hatua kwa hatua, lilipokwama na ulivyolinasua, kisha mpe mwenzako wa shule ya jirani. Darasa lake linalihitaji.